Siku Timu ya Jabalini Ilipofunga Magoli Kumi na Manne

Paukwa, nyie mliokaa mbele!
— Pakawa!
Paukwa, nyie mnaotafuna miwa huko nyuma!
— Pakawa!
Masikio mmekuja nayo?
— Tumekuja nayo!
Basi yategeni. Na kila nitakaposema "Pimbi akauliza," nyinyi mtaitika "Kwa nini?" Tujaribu. Pimbi akauliza...
— Kwa nini?
Hamjala nini? Tena! Pimbi akauliza...
— KWA NINI?
Hapo sawa.

Zamani, wanyama walipokuwa bado na kazi za kueleweka, palikuwa na timu ya mpira wa magongo iliyoitwa Jabalini. Mpira wa magongo mnaujua? Kila mchezaji ana gongo lake, limepinda mbele kama kiwiko. Mpira wenyewe ni kokwa la tunda la mvumo, kavu, gumu kama jiwe. Unaupiga, ka! unakwenda. Ukipita katikati ya miti miwili, hilo ni goli. Mguu hauruhusiwi. Pembe haziruhusiwi. Meno hayaruhusiwi kabisa, na sheria hiyo iliwekwa kwa sababu ya Fisi.

Jabalini walikuwa wanne. Mzee Kobe, nahodha. Nguchiro, mwenye mbio. Kanga, mwenye kelele. Na golini alikaa Pimbi, mama wa miambani, mdogo, mviringo, hana hata mkia.

Mpira ndio ulikuwa kazi yao. Hawakulima, hawakuchunga. Watazamaji walikuja na vyakula, huyu viazi, huyu karanga, wakavimwaga kwenye ungo mlangoni, na wachezaji wakala jasho lao. Sasa, jasho lenyewe!

Walicheza na Fisi, wakafungwa saba. Walicheza na Nyani, wakafungwa tisa. Walicheza na Mbuni, wakafungwa kumi na moja, na mawili kati ya hayo Kanga aliyapiga golini kwake mwenyewe, akashangilia. Mechi kumi na tisa, vipigo kumi na tisa. Na wao walifunga magoli mangapi? Sifuri. Ungo wa mlangoni ukawa unapata maganda tu.

Kila mechi ikiisha, Nguchiro alisema, "Ni bahati mbaya." Kanga alisema, "Ni magongo, mafupi haya." Mzee Kobe alivuta kichwa ndani. Na Pimbi? Pimbi akauliza...
— Kwa nini?
Ndiyo. "Kwa nini wao wanafunga, sisi hatufungi?"
"Acha, Bi Pimbi," wakamwambia. "Tumechoka."

Lakini Pimbi alikuwa hawezi kuona jambo akalipita. Hata akimwona siafu amebeba kijiti, alitaka kujua anakipeleka wapi.

Siku moja akaja Korongo, mwamuzi wa ligi, miguu mirefu, filimbi shingoni. Prriii!

"Jabalini, sikilizeni sheria. Timu ikifungwa mechi ishirini mfululizo, inavunjwa. Uwanja wake anapewa bingwa. Nyinyi mmebakiza moja. Jumamosi mnacheza na Ngurumo."

Kanga akakaa chini, puu. Ngurumo ndio walikuwa mabingwa! Nyati, Kifaru na Ngiri mbele, na golini Kiboko, ambaye timu ilikuwa yake. Na uwanja wa Jabalini haukuwa uwanja tu. Pembeni mwake palikuwa na chemchemi isiyokauka kiangazi, na kando ya chemchemi matikiti yalijiotea yenyewe, makubwa, ya kijani. Watu wa miambani wote walikunywa hapo. Kiboko alikuwa na mto mzima, kuanzia milimani hadi baharini, lakini miaka mitatu alikuwa akipita pale akisema, "Kachemchemi kazuri haka," huku akimeza mate.

Pimbi akatazama miamba aliyozaliwa. Hakuwahi kulala kwingine. Akasema, "Mimi nakwenda kuwatazama Ngurumo wakifanya mazoezi."

"Ukatazame nini?" Nguchiro akauliza. "Huwajui?"

"Siwajui," Pimbi akasema. "Najua wanavyotufunga tu."

Akaenda. Akajibanza juu ya jiwe la kijivu ukingoni mwa mto, na kwa kuwa naye ni wa kijivu, hakuna aliyemwona.

Siku ya kwanza akamtazama Kiboko. Kiboko akiingia golini, miti miwili ililia kii! ubavuni mwake. Hapakuwa na upenyo wa kupitisha hata punje ya mtama. Pimbi akatikisa kichwa. "Kumbe si kwamba hatujui kupiga. Hakuna pa kupigia!"

Siku ya pili akawatazama wa mbele. "Chukua, Nyati." Ka! "Chukua, Kifaru." Ka! "Chukua, Ngiri." Ka! Hakuna aliyemnyima mwenzake. Wakimaliza, chakula kiligawanywa mafungu manne, kila mmoja lake, la Kiboko likiwa kubwa kidogo, kidogo kama kichuguu. Wakala kimya, wakashiba.

Siku ya tatu, wakati wa kugawa, boga moja likabiringika kutoka kwenye kapu. Likasimama katikati. Halikuwa fungu la mtu.

Nyati akalitazama. Kifaru akalitazama. Ngiri akalitazama. Kila mmoja alikuwa na fungu lake mbele yake, limejaa.

"Langu hilo," akasema Ngiri.

Weee! Tifu! Gubu! Tifu! Nyati juu ya Ngiri, Kifaru juu ya Nyati, na Kiboko naye akatoka majini anavuja maji, "Langu! Kila kitu hapa changu!" Gubu! Vumbi lilipotulia, boga lilikuwa uji. Hakuna aliyeonja. Na yale mafungu manne yote yalikuwa yamekanyagwa.

Pale juu ya jiwe, Pimbi akauliza...
— Kwa nini?
Akauliza njia nzima hadi nyumbani. Na alipofika miambani alikuwa haulizi tena, alikuwa anatabasamu.

Asubuhi ya Ijumaa akarudi mtoni, safari hii waziwazi.

"Shikamoo, Bwana Kiboko."

"Marahaba. Umekuja kuniaga?"

"Nimekuja kuuliza. Kesho mtatufunga, hilo halina ubishi. Tumeona tusiondoke kama watu wasio na adabu. Tumechuma matikiti ishirini ya chemchemi tuwape zawadi. Ila sijui tumpe nani."

"Nipe mimi."

"Sawa. Kwa nini?"

Kiboko akashangaa. Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. "Kwa sababu timu ni yangu."

"Ni kweli. Ila huko njiani watu wanasema mwenye kufunga ndiye mwenye kazi. Wanasema, goli moja, tikiti moja, mfungaji ale palepale uwanjani, bado lina ubaridi wa chemchemi."

Ukingoni, masikio matatu yakasimama: la Nyati, la Kifaru, la Ngiri.

"Maneno ya haki hayo!" Nyati akanguruma.

"Afungaye ndiye ale!" Kifaru akasema.

"Palepale!" Ngiri akasema, mate yakimtoka.

Kiboko akataka kukataa, lakini watatu walikuwa wamesimama. Akapiga hesabu ya haraka: hata wao wakila, chemchemi yenyewe itakuwa yake. "Haya. Goli moja, tikiti moja. Mwambieni Korongo."

"Ahsante, bwana." Pimbi akageuka kwenda zake. Hatua tatu. Akarudi, akasogea karibu na sikio la Kiboko, lile sikio dogo, akauliza kwa sauti ya chini kabisa, "Samahani. Kipa yeye hula nini?"

Kisha akaondoka. Kiboko akabaki ndani ya maji, macho mawili juu, hapepesi.

Nyumbani kulikuwa moto.

"Umewapa matikiti yetu!" Kanga akapiga kelele. "Wanachukua uwanja, na wewe unawapelekea na vitafunio!"

"Hata sisi tukifunga, tunapewa," Pimbi akasema.

"Sisi tukifunga!" Nguchiro akacheka hadi akakohoa. "Sisi!"

Mzee Kobe akatoa kichwa nje, taratibu. "Mimi sina la kusema. Mechi kumi na tisa nimefungwa kwa akili zangu mwenyewe. Kesho tufungwe kwa akili za Pimbi." Akamgeukia. "Tufanye nini, mama?"

"Mpira mkiupata, msiukalie. Mpeni yeyote aliye karibu na goli lao. Basi."

Jumamosi ikafika. Watazamaji walijaa kila jiwe. Wengine walikuja kuaga tu. Matikiti ishirini yalipangwa mstari mmoja upande wa goli la Pimbi, yanang'aa kwa umande. Kutoka goli la Kiboko hadi pale ni uwanja mzima. Korongo akasimama kando ya matikiti. Prriii!

Ka! Nyati kwa Kifaru. Ka! Kifaru kwa Ngiri. Ka! Ngiri kwa Nyati. Nyati akatwanga, mpira ukapita juu ya kichwa cha Pimbi, fyuu! Goli. Moja bila.

Nyati akaenda kwa Korongo, akapewa tikiti. Akalipasua kwa kwato, paa! Nyekundu tupu. Maji yakamtiririka kidevuni. Akafumba macho. "Aaah," akasema. "La baridi!"

Hilo neno "baridi" ndilo lililoharibu kila kitu.

Mpira uliporudi uwanjani, Kifaru aliupata. "Nipe!" akasema Ngiri. "Nikupe kwa nini? Wewe ndiye utakayekula?" Ngiri akamkwangua kwa gongo. Nyati akamsukuma Ngiri. Ka! ka! ka! magongo yakagongana yenyewe kwa yenyewe, na mpira ukatoka katikati ya miguu yao ukiwa peke yake, kama mtu anayetoka kwenye ugomvi wa jirani.

Kule mbali golini, Kiboko alikuwa akinyoosha shingo. Nyati ana tikiti! Yeye, mwenye timu, amesimama kama kisiki! Kipa hula nini? Akatoka hatua moja. Miti ikapumua, kii. Akatoka ya pili. Akatoka ya tatu. Kisha akaanza kukimbia, na ardhi ikatetemeka, "Nipeni mpira! Timu yangu! Nipeni mpira!"

Nguchiro akauokota mpira kwa gongo lake fupi. Akatazama mbele. Akafuta macho, akatazama tena. Goli lilikuwa wazi, pana kama mlango wa ghala.

Akakimbia. Ka! Ukaingia.

Nguchiro akasimama golini hajui afanye nini. Kanga akalitazama gongo lake, fupi vilevile. Mzee Kobe akamwendea Korongo. "Samahani, mwamuzi. Hilo ni letu?"

"Ni lenu. Moja moja."

"Una hakika?"

"Prriii! Nimesema ni lenu!"

Ndipo miamba ikalia. Walikumbatiana vibaya, maana hawakuwa na mazoezi. Kanga alimtia Nguchiro bawa la jicho. Na Pimbi golini kwake hakurukaruka. Alikuwa anamtazama Kiboko, anataka kujua kama atarudi.

Alirudi. Nusu njia. Kisha Ngiri akaupata mpira, na Kiboko akaona tikiti la pili nalo litaliwa, akageuza. Ka! Kanga akafunga. La pili. Kiboko akaanza kurudi. Kifaru akaupata mpira. Kiboko akageuza. Ka! Nguchiro, la tatu. Akaanza kurudi, akageuza. Ka! La nne. Akaanza kurudi, akageuza. Ka! La tano. Akageuza bila hata kuanza kurudi. Ka! La sita.

Mapumziko, sita moja. Ngurumo wakakutana pembeni wanahema.

"Rudi golini!" Nyati akamfokea Kiboko.

"Rudi wewe. Mimi ndiye mwenye timu."

"Kifaru, kaa wewe golini."

"Kipa hula nini?" Kifaru akauliza.

Wakatazamana. Kipindi cha pili wakaingia wote wanne mbele, golini hayupo hata nzi.

La saba. La nane. La tisa. Kanga sasa alikuwa anashangilia kabla hajapiga. La kumi, la kumi na moja, la kumi na mbili. Watazamaji walikuwa wanahesabu kwa kuimba. La kumi na tatu!

Hapo ndipo Kiboko alipopata mpira mwenyewe. Kwa mara ya kwanza siku hiyo, peke yake, mpira mbele ya gongo lake, na mbele yake hayupo mtu isipokuwa Pimbi. Akaja. Du! Du! Du! Mdomo wazi, meno kama michi. Pimbi akaona kivuli kikimfunika, kikafunika goli, kikafunika na mwamba wa nyuma. Magongo mangapi yangeweza kumzuia huyu? Wala hakumwaza Kiboko kufunga. Kwa kumi na tatu, goli moja ni nini? Aliwaza tu kwamba atakanyagwa. Akafumba macho.

"Langu hilo!" Sauti ya Nyati. Gongo la Nyati likaingia kwenye miguu ya Kiboko kwa nyuma. Kifaru akaja, "Langu!" Ngiri akaja, "Langu!" PUUU! Mlima wa nyama ukaanguka mbele ya goli, vumbi likapanda hadi kwa tai. Pimbi akafumbua jicho moja. Pua ya Kiboko ilikuwa shubiri moja kutoka kwenye kucha zake, inapuliza.

Na mpira ukabiringika, ukabiringika, ukasimama mbele ya Mzee Kobe.

Mzee Kobe alikuwa amecheza ligi miaka arobaini. Hakuwahi kufunga. Akatazama kushoto: Nguchiro amelala chini, pumzi zimekwisha. Akatazama kulia: Kanga anashangilia bado lile la kumi na tatu. Akaugusa mpira kwa gongo. Tik. Ukasogea kidogo. Akaufuata. Kokoto, kokoto. Tik. Kokoto, kokoto.

"Mfuateni Kobe!" Nyati akapiga kelele kutoka chini ya Kifaru.

"Mfuate wewe. Nikiondoka hapa mtakula tikiti langu."

"Ngiri, mfuate! Wewe mwepesi!"

"Mwepesi ni wewe. Mimi nakaa hapahapa karibu na matikiti."

Tik. Kokoto, kokoto. Tik. Kokoto, kokoto. Yeyote kati yao angemfikia kwa kuruka mara tano. Mtu angeweza kwenda nyumbani, akapika viazi, akarudi. Uwanja ukaanza kuimba polepole, "Nenda, Mzee! Nenda, Mzee!" Mzee Kobe alipofika mstarini alisimama, akatazama kulia na kushoto kama anayevuka mto. Tik.

Kumi na nne. Prriii! Mpira umekwisha. Kumi na nne, moja.

Kiboko akaja mbele ya Pimbi, vumbi mdomoni.

"Hivi wewe," akasema, "jana ulikuja kuuliza, au ulikuja kufanya nini?"

"Nilikuja kuuliza, bwana," Pimbi akasema. "Wewe ndiye uliyejibu, leo, kwa miguu yako."

Kiboko akaenda zake mtoni. Uwanja ukabaki wa Jabalini, chemchemi ikabaki ya watu wa miambani, na hesabu ya vipigo ikafutwa, ikaanza upya.

Korongo akagawa. Nguchiro magoli manane, matikiti manane. Kanga matano, matikiti matano. Mzee Kobe moja; hakulipasua, alilisukuma kwa gongo hadi nyumbani, jua likazama akiwa njiani. Na Pimbi? Kipa hula nini? Hakupewa kitu. Ila kesho yake Mzee Kobe alimletea nusu ya lake, akasema, "Mimi nusu inanitosha, mama. Na nimekwisha kulitazama usiku kucha."

Mngependa niishie hapo, eh? Mimi nasema kilichotokea.

Jumamosi iliyofuata walicheza na Mbuni. Nguchiro akaupata mpira. "Nipe!" Kanga akasema. "Nikupe kwa nini? Wewe ulifunga matano, mimi manane." Kanga akamnyang'anya mpira, akakimbia nao mpaka ukamtoka. Nguchiro akambana Kanga. Mbuni wakaokota, ka! Goli. Nguchiro akamsukuma Kanga. Ka! Goli. Magongo ya Jabalini yakagongana yenyewe kwa yenyewe. Ka! Ka! Ka! Wakafungwa tisa bila.

Pimbi akainama mara ya tisa kuutoa mpira golini. Akawatazama wenzake wanavyokunjana katikati ya uwanja, manyoya yanaruka. Akafungua mdomo, akauliza...
— Kwa nini?
Hapana. Mara hii hakuuliza. Alifungua mdomo, akaufunga. Alikuwa analijua jibu.

Haya, fundisho mmelipata? Ngano hii inatufunza kwamba kuuliza maswali ni tabia mbaya. Angalieni maswali ya Pimbi yalivyowatesa waungwana wanne wa watu. Inatufunza pia kwamba kipa hana kazi yoyote, na ukiona tikiti usimwachie mwenzako. Anayetaka kujua kwa nini, akamuulize Kiboko.

Ngano yangu imefika ukingoni. Aliyeipenda aondoke nayo. Asiyeipenda aiache hapo alipokalia, nitaikung'uta pamoja na mkeka.